Ngozi ya Uso Huanzia Kwenye Sufuria

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Leo tuweke kando habari za barabara, umeme na bei ya saruji. Tuzungumze juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu hukitazama asubuhi kabla hajavuka kizingiti cha nyumba yake. Nacho ni uso. Na hasa ngozi ya uso, namna inavyozeeka, na namna tunavyoizeesha sisi wenyewe kwa yale tunayokula na kunywa.

Najua yupo atakayesema kwamba hayo ni mambo ya akina dada na vioo vyao, mwanamume mzima hana haja ya kuyasikiliza. Ndugu yangu, usizime redio. Nitakayoyasema yanahusu fedha zako, sahani yako, na zaidi ya hapo sahani ya mkeo.

Miongoni mwa maswali yanayoletwa na wasikilizaji, lipo moja ambalo limekuwa likirudi rudi. Safari hii limeletwa na mama mmoja muuza samaki. Anasema hajafikisha miaka arobaini, lakini watu wasiomjua humwamkia "Shikamoo bibi". Mumewe naye ameanza kumwita kikongwe, kwa mzaha ambao yeye haumchekeshi. Sasa ameambiwa kuna unga wa dawa ya Kihindi unaofuta mikunjo na kurudisha ujana, na bei ya kopo moja ni sawa na matumizi ya nyumba yake kwa wiki nzima. Anauliza: anunue au asinunue?

Mama, jibu lako lipo, nitakupa. Lakini kwanza tuelewane juu ya ngozi yenyewe.

Ngozi ni kiungo kama vilivyo moyo na ini, tena ndicho kiungo kikubwa kuliko vyote. Chini ya ile ngozi ya juu tunayoiona kuna tabaka nene lililofumwa kwa nyuzi za protini inayoitwa kolajeni. Nyuzi hizo ndizo nguzo na fito za nyumba. Ngozi ya juu ni udongo uliokandikwa tu. Fito zikioza, ukuta hubonyea hata kama utaupaka chokaa kila siku. Tangu tunapoingia utu uzima, mwili hutengeneza kolajeni pungufu mwaka hata mwaka, na hapo hakuna awezaye kuzuia. Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Hata hivyo, kasi ya kuoza kwa fito si moja kwa watu wote. Wako wanaofika miaka sabini fito zao zikiwa bado imara, na wako wanaozichoma kuni wakiwa na miaka thelathini.

Mwizi mkubwa wa fito hizo ni jua. Watazame akina mama wanaoanika dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi. Jua linawapiga kutoka juu, na mchanga pamoja na maji ya ziwa vinawarudishia miali kutoka chini. Mungu ametupa ngozi nyeusi, nayo ni mwavuli mzuri, maana huchuja ile miali mikali isiyoonekana kwa macho vizuri zaidi kuliko ngozi nyeupe. Ndiyo sababu mikunjo huchelewa kwetu. Lakini mwavuli si paa la bati. Na ndugu zetu wenye ualbino hawana hata mwavuli huo. Kwao kofia pana na nguo za mikono mirefu si mapambo, ni uhai. Mwizi mwingine ni tumbaku, ambayo hubana mishipa midogo ya damu na kuinyima ngozi chakula. Juu ya wezi hawa wawili yamesemwa mengi. Leo nataka tumzungumzie mwizi wa tatu, yule tunayemfungulia mlango wenyewe mara tatu kwa siku. Mlango wenyewe ni mdomo.

Kwa kuwa mama yetu ametaja dawa ya Kihindi, tuanzie huko huko India. Elimu yao ya kale ya tiba huitwa Ayurveda, maana yake elimu ya maisha. Si uganga wa kubahatisha. Ni elimu iliyoandikwa vitabuni karibu miaka 2,000 iliyopita, na vitabu vyake viwili mashuhuri hubeba majina ya waganga Charaka na Sushruta. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubaliana na Serikali ya India kuanzisha kituo cha dunia cha tiba ya jadi katika mji wa Jamnagar, jimbo la Gujarat. Ni katika jimbo hilo hilo ambako wazee wa Wahindi wengi wa Afrika Mashariki walitokea, wakafungua maduka kila kituo cha reli, mpaka reli ilipogota hapa Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo manjano, tangawizi na iliki vya jikoni kwetu ni ndugu wa dawa hizo. Mwarobaini unaotupa kivuli uani nao asili yake ni huko huko.

Ayurveda husema kwamba mwili unaendeshwa na nguvu tatu. Ya kwanza ni kapha, yenye unyevu na uzito, nayo hutawala utotoni. Ndiyo maana mtoto ana ngozi laini. Ya pili ni pitta, yenye moto, nayo hutawala siku za nguvu zetu. Ya tatu ni vata, yenye upepo, ukavu na ubaridi, nayo hutawala uzeeni. Mtu anayekula vyakula vikavu, vilivyopoa na kulala, anayeruka mlo wa mchana na kula usiku wa manane, huyo anamwita vata kabla ya wakati wake. Dawa yake, wasema waganga hao, ni chakula cha moto kilichopikwa siku hiyo, chenye mafuta kidogo, kinacholiwa kwa saa zake, ili moto wa tumbo usizimike.

Msikilizaji mwenye asili ya mwambao hatashangaa kusikia hayo. Wazee wetu nao walirithi, kupitia tiba ya Waarabu, hesabu ya vyakula vya joto na vyakula vya baridi, na mpaka leo mama mzazi hapewi chakula cha baridi. Watu mbalimbali walitazama mwili ule ule, wakafika karibu na jibu lile lile.

Sasa mimi ni mwandishi wa habari, si mganga, na kazi yangu ni kuuliza: je, ni kweli? Tuseme wazi. Hakuna maabara iliyowahi kumpima vata kwa kipimo chochote. Hizo nguvu tatu ni lugha ya kale ya kueleza mwili. Lakini ushauri unaotokana na lugha hiyo ni jambo jingine, na ushauri unaweza kupimwa. Tuupime.

Tuchukue chumvi. Charaka anataja vitu vitatu ambavyo mtu asiuzoeze mwili wake kuvila kwa wingi: aina moja ya pilipili, magadi ya majivu, na chumvi. Anasema wanaozidisha chumvi hupata mvi, upara na mikunjo ya uso kabla ya umri. Nasi mkoa wetu ni mkoa wa chumvi. Chemchemi za Uvinza zimechemshwa chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na chumvi hiyo ilikuwa biashara kubwa kabla treni haijajulikana. Sayansi ya leo haijathibitisha kwamba chumvi huleta mvi au upara. Imethibitisha jambo zito zaidi, kwamba chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai katika vyakula vyake vyote. Mwenye kula samaki wa chumvi mchana, kisha akanyunyiza chumvi juu ya mchuzi usiku, anakivuka kijiko hicho bila kujua. Na magadi? Akina mama tunaotia magadi kwenye mboga ili iive upesi tunaua vitamini C iliyomo. Mganga yule wa kale hakuijua vitamini C, lakini alikuwa na sababu ya kuyaogopa magadi.

Vitamini C ndiyo fundi wa kolajeni. Bila hiyo nyuzi hazifumwi. Mabaharia wa Ulaya waliosafiri miezi mingi kwa biskuti na nyama ya chumvi walipata ugonjwa wa kiseyeye: fizi zilioza, ngozi ikatokwa na madoa ya damu, na hata makovu ya zamani yalifunguka upya. Mwaka 1747 daktari mmoja wa meli ya Kiingereza, James Lind, aliwajaribu wagonjwa 12 kwa dawa mbalimbali. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi. Kumbe dawa ya ngozi iliyofunguka ilikuwa tunda.

Mfano wa pili ni wa karibu nasi. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipatwa na ugonjwa wa pelagra. Ngozi zao za shingo, mikono na miguu ziliungua, zikawa nyeusi na kubambuka, na wagonjwa walipita 18,000. Chanzo chake kilikuwa nini? Karanga zilikosekana katika mgao wao, wakabaki na mahindi karibu matupu. Kitu kidogo kama karanga kikiondoka sahanini, ngozi inaanguka. Sisi wa Kigoma tuliowapokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa miaka mingi, na ambao kambi ya Nyarugusu ipo kwetu tangu mwaka 1996, tunajua mgao ni nini, na kwa hiyo tunaweza kulielewa somo hilo kuliko wengine.

Utasema hayo ni magonjwa ya njaa, sisi tunashiba. Sawa, tuwatazame walioshiba. Mwaka 2001 wataalamu walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wazee 453 wa Australia, Ugiriki na Uswidi, wenye miaka 70 na kuendelea. Waliokuwa wakila zaidi mboga za majani, jamii ya maharage, samaki na mafuta ya zeituni walikuwa na mikunjo michache sehemu zilizopigwa na jua. Waliopenda siagi, nyama na vitu vya sukari walikuwa na mingi zaidi. Mwaka 2007 ukatoka uchunguzi mwingine, wa wanawake zaidi ya 4,000 wa Marekani wenye miaka 40 hadi 74. Waliokula vyakula vyenye vitamini C nyingi walikuwa na mikunjo michache. Uchunguzi wa namna hii hauthibitishi kila kitu, maana mla mboga huenda pia anajitunza kwa njia nyingine. Lakini unaelekeza kidole upande mmoja: samaki, maharage, mboga, matunda, na mafuta mazuri kwa kiasi.

Sasa, mpenzi msikilizaji, hebu nirudie orodha hiyo polepole. Samaki. Maharage. Mboga za majani. Matunda. Mafuta ya mimea. Je, hiyo si sahani ya Kigoma? Dagaa wa Ziwa Tanganyika huliwa mzima, na mifupa yake, akampa mlaji protini, chokaa ya mifupa na mafuta yale mazuri ya samaki. Mgebuka yupo. Sombe lipo, likitwangwa na kupikwa kwa mawese na karanga. Mapera yanaoza chini ya miti, na pera kwa uzito ule ule lina vitamini C mara nne hivi ya chungwa. Wahindi husifu tunda lao chachu liitwalo amla na kulitia katika dawa zao za kurudisha nguvu. Mtoto wa Gungu anayepanda mpera anakula jamaa wa dawa hiyo bure.

Na mawese je? Mawese mekundu yana karotini nyingi kuliko karoti yenyewe, na mwili huigeuza karotini kuwa vitamini A, ambayo ikikosekana ngozi hukauka na kuparara. Yana vitamini E pia. Lakini sisi tunayafanyaje? Tunayaweka jikoni, tunayaunguza mpaka moshi ufuke na wekundu upotee, eti yasinuke, kisha tunapikia mafuta meupe. Wekundu ule tuliouchoma ndiyo karotini. Tumeitupa dawa, tumebakiza kopo. Aidha, mafuta yale yale ya kukaangia samaki tunayarudia siku ya tatu na ya nne mpaka yawe meusi kama lami. Mawese yapashe moto wa wastani, wekundu wake uuone kwenye mchuzi. Na usizidishe, maana nusu ya mawese ni mafuta mazito, na moyo nao una haki yake.

Penye miti hapana wajenzi. Magunia ya dagaa yanapakiwa kwenda mikoa ya mbali na nchi jirani, na fedha yake inarudi Kigoma ikanunue nini? Soda, biskuti, na kopo la krimu. Sisemi watu wasiuze. Biashara ndiyo maisha. Nasema kwamba muuza dagaa asiyekula dagaa amefanya hesabu mbaya. Na Ziwa linapofungwa ili samaki wazaliane, kama ilivyokuwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, maharage, karanga na mayai yashike zamu. Ugali wa muhogo na chumvi hautoshi, maana muhogo ni nguvu tu, hauna nyuzi za kutosha za kujengea mwili.

Tufike kwenye vinywaji. Kwanza maji, maana watu wanadanganyana sana. Wako wanaosema unywe ndoo nzima ya maji na mikunjo itafutika. Haitafutika. Aliyekauka kwa kiu ngozi yake husinyaa, na akinywa hurudi. Lakini aliyekunywa ya kumtosha hapati ujana kwa kuongeza. Ayurveda hapa imesema la busara: kiu isizuiwe, na maji yasifurikishwe tumboni. Charaka hugawa tumbo mafungu matatu: moja la chakula kigumu, moja la kinywaji, na moja liachwe wazi. Waislamu wa Ujiji watatabasamu, maana wamefundishwa na Mtume wao jambo linalofanana sana na hilo: theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi. Sijui ni wangapi wetu tunaoikumbuka theluthi ya tatu mbele ya sinia la pilau.

Pili ni sukari. Sukari ikizidi katika damu hunata kwenye nyuzi za kolajeni. Umewahi kuona sukari ikipikwa kwa ajili ya kashata, inavyogeuka kahawia, ikawa ngumu na kukatika? Jambo linalofanana na hilo hutokea polepole ndani ya ngozi: nyuzi zilizokuwa laini zinashikana, zinakauka na kupoteza mnyumbuko. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isipite kama vijiko 12 vya chai kwa siku, na ikiwezekana iwe 6. Chupa moja ya soda ina vijiko si chini ya vinane. Chai ya asubuhi vijiko vitatu, ya jioni vitatu, soda moja mchana: umeshapita, na bado maandazi. Bandu bandu humaliza gogo.

Tatu ni pombe. Charaka hakuikataza moja kwa moja. Alisema ikinywewa kwa kanuni zake ni kinywaji kitamu, na ikinywewa ovyo ni sumu. Sayansi ya leo ni kali kuliko yeye, maana Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Kwa upande wa uso, uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 juu ya wanawake zaidi ya 3,200 wa nchi nne ulionyesha kwamba waliokunywa vinywaji vinane au zaidi kwa wiki walikuwa na mikunjo zaidi, macho yaliyovimba chini, na mashavu yaliyobonyea. Pombe humkojoza mnywaji maji yake, humharibia usingizi, humpunguzia hamu ya kula, na kulishughulisha ini lake. Hiyo ni bia ya kiwandani. Gongo ni habari nyingine. Mnywaji hajui kilichomo, na wako waliopoteza macho na maisha yao. Serikali ilipopiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, wengi walilalamika. Lakini vijana waliokuwa wamefanana na baba zao kabla ya kuoa tuliwaona kwa macho yetu.

Na hapa, mpenzi msikilizaji, ndipo ninapotaka kumsemesha yule mwanamume niliyemwomba asizime redio.

Bwana, katika nyumba nyingi samaki akipikwa, kipande kinene ni cha baba. Watoto wanagawana mkia. Mama anafuta sufuria kwa tonge na kusema amekwisha shiba alipokuwa anaonja. Mama huyo ameamka saa kumi na moja, amekwenda mwaloni, amesimama juani, amezaa mara tano, amenyonyesha mara tano, na kila mtoto amechota madini katika mwili wake. Baba akipata fedha ya ziada, anakula nyama choma kilabuni na wenzake na kushushia chupa mbili. Ikipita miaka kumi na tano, yeye bado ana shavu, mkewe amekauka. Ndipo anaposema, "Mama watoto, umezeeka," na macho yake yanaanza kutazama nyumba ya jirani.

Hakuzeeka, bwana. Umemla. Kile kipande cha samaki ulichokula kila siku kwa miaka kumi na tano ndicho kilichopungua kwenye mashavu yake. Na hakuna mganga wa India wala daktari wa Ulaya aliye na unga wa kurudisha hicho. Dawa yake ni kugawa samaki vipande sawa, kuanzia leo jioni.

Sasa jibu langu kwa mama. Usinunue. Sisemi kwamba Ayurveda yote ni uongo. Nimekueleza mazuri yake. Nasema kwamba kopo si elimu. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walipima dawa 70 za Ayurveda zilizokuwa zikiuzwa madukani katika eneo la Boston. Dawa 14 zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki, yaani moja katika kila tano. Risasi hiyo si ya bunduki, lakini nayo huua, kwa kuharibu ubongo, damu na figo. Hapa nchini tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, iliyounda Baraza la kusajili waganga na dawa zao. Muuzaji akikuletea kopo, muulize: limesajiliwa wapi? Akianza kukueleza habari za shangazi yake aliyepona, mshukuru, uende zako. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hali kadhalika mkorogo. Baadhi ya krimu za kung'arisha zina zebaki, na nyingine zina haidrokwinoni. Zinaichubua ngozi, zinauondoa ule mwavuli mweusi niliousema, na kuliachia jua njia nyeupe. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza baina ya nchi vipodozi vyenye zebaki kupita kiwango kidogo mno. Pamoja na hayo bado vinapenya, na tangu mwaka 2019 kazi ya kuvidhibiti vipodozi hapa kwetu iko kwa Shirika la Viwango, TBS. Mwenye kujipaka mkorogo ili aonekane kijana analipa fedha ili azeeke.

Fedha ile ya kopo, mama, igawe hivi: dagaa fungu kwa siku, karanga kibaba kwa wiki, mboga ya majani bila magadi, na pera au embe kila unapolipata. Nunua kofia ya ukindu yenye ukingo mpana ya kuvaa mwaloni. Punguza kijiko kimoja cha sukari kila wiki, mpaka ulimi uzoee. Jioni, ukipenda kufuata Wahindi, jisugue mikono na miguu kwa mafuta ya ufuta au ya nazi baada ya kuoga. Hayana miujiza, lakini huzuia ukavu. Usitegemee mwezi mmoja. Kilichobomoka kwa miaka hakijengwi kwa wiki, na mikunjo iliyokwisha kukaa haitaondoka. Utakachopata ni kuchelewesha mingine, na nguvu za kuamka asubuhi.

Neno la mwisho, nalo si la jikoni. Katika mikoa kadhaa ya kanda ya ziwa na magharibi ya nchi yetu, wako vikongwe waliouawa kwa sababu ya ngozi iliyokunjamana na macho mekundu. Watu walisema ni wachawi. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe wa miaka hamsini, wakitupikia sisi. Mikunjo ile ni jua walilolimia, na samaki waliotuachia. Tukijifunza kuitunza ngozi yetu, tusijifunze kuidharau ngozi ya mzee. Uso wenye mikunjo si ugonjwa wala si hatia; ni daftari la kazi. Kinachotupasa kuona aibu ni daftari hilo kujazwa na mtu wa miaka thelathini na minane, wakati samaki yuko ziwani na mapera yako chini ya mti.

Hadi wiki ijayo, panapo majaaliwa, nakutakieni chakula chema na mgawanyo wa haki. Kwaherini.